Kwa Emil Sabo, Fundi Mapaa na Kocha wa Jikoni

Mwaka mzima umekatika, Emil, tangu Jumanne ile ya Machi tulipokukuta kwenye kiti chako cha jikoni, simu umeibana kati ya sikio na bega, redio inaongea peke yake juu ya jokofu. Ilikuwa wiki ya kufunguliwa soko la wachezaji. Kwa wengine hapa Lorain hiyo ni wiki ya matope na theluji chafu. Kwako ilikuwa Krismasi.

Arlene, mkeo, alidhani umesinzia. Aliichukua simu begani mwako akamsikia kijana wa kipindi cha Dutch Hanlon redioni akisema, "Emil wa Lorain, jiandae, wewe ndiye unayefuata." Arlene akakugusa shingo. Kisha akamjibu yule kijana kwa adabu, kama anavyowajibu watu wa kanisani.

"Mwambie Dutch achukue mwingine. Emil hatazungumza leo."

"Lakini amesubiri sana, mama."

"Najua," Arlene akasema. "Amezoea."

Ndivyo ulivyoondoka, ukiwa kwenye foleni ya kutoa maoni. Waliokujua walicheka msibani waliposikia, na hatukuwakataza. Sisi tulikuwa na sababu zetu za kutocheka.

Tuanze na mema, kwa kuwa yapo, na hatutaki mtu aseme familia ya Sabo haina shukrani. Ulipanda juu ya mapaa ya watu tangu hujaota ndevu. Nusu ya nyumba za kusini mwa mji huu hazivuji kwa sababu yako. Mjane Petrosky alipokuwa akikinga maji kwa mabeseni sebuleni, ulipanda kwake Jumapili baada ya misa, na suruali yako ya kanisani, ukaziba. Alipouliza bei ukamwambia akupikie kuku wa pilipili nyekundu. Alipika, ukala, ukakaa mpaka jioni ukimweleza kwa nini timu ilikosea kumwongezea mkataba mpiga mateke. Mama wa watu hakujua mpiga mateke ni nani. Alikusikiliza kwa sababu sebuleni kulikuwa kukavu.

Timu yenyewe kila mtu wa pwani hii ya ziwa anaijua, na anajua ilivyotutenda. Jina lake hatuliandiki hapa, lisije likapata heshima ya bure. Huu mpira wetu wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki huchezwa miezi mitano tu. Wewe uliucheza miezi saba iliyobaki. Mechi zenyewe ulizitazama kimya, mikono umeikunja, kama mtu anayemtazama fundi mwingine akiharibu kazi. Ilipokwisha mechi ya mwisho, mara nyingi kwa kipigo, ulisugua viganja ukasema, "Haya. Sasa kazi inaanza."

Ijumaa za Kwaresima, kwenye ukumbi wa parokia, ulikula samaki wako upesi ili upate sahani tupu ya karatasi. Hapo ulichora timu kwa kalamu ya seremala, juu ya mafuta, kuanzia katikati kwenda nje. Kwanza wale watano wakubwa wa mstari wa mbele wanaomlinda mrushaji wa mpira. Halafu mrushaji. Wakimbiaji ukawaweka pembeni kabisa, karibu na mifupa ya samaki.

"Paa halianzii kwenye vigae," ulisema. "Linaanzia kwenye boriti. Hawa wapumbavu wananunua vigae vya dhahabu, wanavipigilia kwenye mbao zilizooza."

Padre naye ulimwambia kwaya yake imejaa mastaa na haina mstari wa mbele. Alicheka, akaongeza besi wawili. Kwaya ikawa nzuri. Ulikuwa sahihi mara nyingi, Emil, na hilo ndilo lililotuponza.

Maoni yako tuliyajua kama sala. Usitoe machaguo mawili ya raundi ya kwanza ya vijana wa vyuoni kumpata mrushaji aliyekwisha kuuzwa mara mbili, kwa kuwa mtu anayeuzwa mara mbili ana nyufa usizoziona. Usimsajili mtu kwa sababu alikufunga mwaka jana. Anayedai mkataba mpya magazetini, muuze kabla wino haujakauka. Mchezaji aliyepita miaka thelathini ni maziwa: leo yanafaa, kesho usiulize. Na lile kubwa kuliko yote, ulilolisema huku ukigonga meza kwa kidole: "Mkataba si shukrani." Mtu halipwi kwa jana yake. Heri kumwacha mwaka mmoja mapema kuliko mwaka mmoja baadaye.

Siku ya kuchagua vijana wa vyuoni, mwisho wa Aprili, ulituita wote kwenye chumba cha chini ya nyumba. Ilikuwa sheria kwamba kila mtu ataje jina kwa sauti kabla timu haijachagua, hata watoto, na aliyekosea kuliko wote aoshe vyombo. Noreen, binti yako, alitaja majina mazuri ya kutamka. Mumewe Trent alitaja uliyotaja wewe. Duane, mwanao wa kwanza, alikubishia.

"Baba, huyo ana miguu ya kuku."

"Miguu ya kuku inakimbia."

"Kuku hakimbii Desemba kwenye barafu. Nenda kaoshe vyombo."

Ukaenda kweli ukaosha, ukiwa umekunja uso, lakini Arlene alikuwa jikoni na alikuona ukitabasamu ndani ya sinki. Duane ndiye pekee uliyeona raha kushindwa naye. Alianza kukubebea vigae akiwa shule. Alipofikisha ishirini ulichora upya ubavu wa pikapu: Sabo na Mwana. Rangi ya kijani, mkono wako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye lililotuleta.

Miaka miwili iliyopita, Machi kama hii, mji mzima ulikuwa unabishana juu ya Hutchins. Yeye ndiye aliyekuwa katikati ya mstari wa mbele, yule anayetoa mpira kupitia miguuni mwake kisha anageuka ukuta. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu, na mkataba wake ulikuwa umefika ukingoni. Alicheza hapa tangu kijana, katika timu mbovu moja baada ya nyingine, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi. Watu walitaka aongezewe. Wewe ulitaka atemwe. Ukapiga simu kwenye kipindi cha Dutch Hanlon, saa za mchana, watu wako kazini, redio zinasikika kila mahali.

Tumeyasikia mazungumzo yale mara nyingi kuliko tulivyotaka. Yalirudiwa wiki nzima.

"Emil wa Lorain," Dutch akasema, "leo unataka kumfukuza nani?"

"Hutchins."

"Una moyo kweli wewe?"

"Ninao. Nimeuacha kwenye gari."

"Mtu kavunjika vidole vyote kwa ajili yetu, Emil."

"Nampenda. Nilimpigia makofi kuliko wewe. Kumpenda ni kitu kimoja, kumpa mkataba ni kitu kingine. Mkataba si shukrani."

Dutch akacheka. "Rahisi kusema. Si mwanao."

Hapo ndipo ungenyamaza, Emil. Mtu mwingine yeyote angenyamaza, au angecheka naye akakata simu. Lakini ulikuwa hewani, na ulikuwa unashinda.

"Ninaye mwanangu," ukasema. "Tunaezeka mapaa. Goti lake limekwisha. Msimu huu namshusha, namweka mkwe wangu, kijana ana miguu mizima. Miaka ishirini na zaidi kanifanyia kazi, na hakuna aliye bora kuliko yeye. Lakini heri mwaka mmoja mapema. Kama mimi naweza kwa damu yangu, hao wenye timu wanashindwa nini?"

Dutch, ambaye hulipwa kwa kusema, aliacha kucheka.

"Emil," akasema, "kijana wako anajua?"

"Atajua."

Wakati huo Duane alikuwa juu ya paa la nyumba moja karibu na kiwanda cha mabomba, na mlango wa pikapu uko wazi chini, redio imefunguliwa. Trent alikuwa kwenye ngazi na furushi la vigae begani. Hakujua aendelee kupanda au ashuke. Duane alimalizia safu aliyokuwa akiipigilia. Alishuka polepole, kwa goti lile lile, akaweka mashine ya misumari mahali pake, akamwambia Trent, "Mfereji wa upande wa kaskazini bado. Usisahau karatasi ya lami kabla ya vigae." Kisha akaondoka kwa miguu.

Jioni alikuja nyumbani. Arlene alikuwa pale, na haya ni maneno yake.

"Ungeniita, Baba," Duane alisema. "Ninakaa mtaa wa pili."

"Nilikuwa najibu swali."

"Swali la Dutch Hanlon."

"Goti lako, mwanangu. Nimekuona ukishuka ngazi. Siku moja nitakuokota chini."

"Goti nalijua, ni langu. Ningeshuka mwenyewe ukiniambia. Ningekupa mkono."

"Nilitaka kukuweka ofisini."

"Ofisi gani? Ofisi ni hii meza ya Mama."

Ukatazama meza. Ukasema, "Mpira ndivyo ulivyo, Duane."

Akachukua kofia yake. Hakuingia tena nyumba ile ukiwa hai.

Kuhusu goti ulikuwa sahihi. Daktari alilifungua mwezi wa Juni akasema lingemwangusha kabla ya baridi. Tunaliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wapo watakaosema tunakuonea. Ulimwokoa mwanao asianguke, na ukafanya hivyo kwa namna ambayo angeona heri aanguke.

Kuhusu Hutchins hukuwa sahihi. Timu ilimtema, kama ulivyotaka, na mahali pake ikaweka kijana mwenye miguu mizima. Kufika Oktoba mrushaji wetu alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Hutchins alichukuliwa na timu ya upande wa pili wa milima, akacheza kila mechi, na mwezi wa Januari tulimwona kwenye televisheni, timu yake imeshinda, akifuta machozi ya furaha kwa vidole vyake vilivyopinda. Ulipiga simu kila wiki msimu ule. Ukasema kosa ni la kocha. Ukasema kosa ni la daktari wa timu. Ukasema ubao ulikuwa mzuri, fundi ndiye mbovu. Kwenye meza ya jikoni, jina la Hutchins halikutajwa, wala la Duane.

Arlene alikuambia mara moja, akikumenyea chungwa, "Mpigie mtoto."

"Nitampigia."

"Unampigia Dutch kila Jumanne."

"Dutch anapokea," ukasema.

Ndipo ikaja Jumanne yenyewe. Siku chache baada ya mazishi Arlene alipiga simu redioni kumuuliza yule kijana, mumewe alitaka kusema nini. Kijana alikumbuka. Wanaopiga hueleza mada kabla ya kuwekwa kwenye foleni. "Alisema anataka kuzungumza juu ya Hutchins," kijana akajibu. "Alisema kuna jambo anataka kulirekebisha."

Arlene ameishi na neno hilo mwaka mzima. Anaamini ulitaka kukiri hewani, kule kule ulikoharibu, na kwamba baada ya Hutchins ungefika kwa Duane. Noreen anaamini nusu. Mdogo wako Andy, aliyerudi kutoka melini kukuzika, anasema mtu asiwekewe maneno mdomoni kwa kuwa tu hawezi kuyatema. Sisi hatujui. Ungeweza kuwa unataka kurekebisha umri wa Hutchins tu.

Duane alikubeba. Alishika mpini wa nyuma wa jeneza, upande wa goti zima, akakufikisha, akaondoka kabla ya chakula. Sasa anafanya kazi kwenye yadi ya vifaa vya ujenzi. Pikapu ya kijani inapokuja kuchukua vigae, yeye ndiye anayepakia. Ubavuni bado imeandikwa Sabo na Mwana. Trent alitaka kufuta, Noreen akamkataza, halafu Noreen akataka ifutwe, Trent akasema ngoja kiangazi. Imekuwa aibu inayotembea mji mzima na vigae vizuri mgongoni.

Basi mwezi huu ilipofika wakati wa kuandika kumbukumbu yako ya gazetini, ikabaki kazi moja ngumu, nayo ni majina. Desturi ni kwamba chini kabisa familia itajwe. Duane alikuwa amemwambia Noreen kwa simu kwamba jina lake lisiwekwe. Kumbukumbu ya Sabo isiyo na mtoto wa kwanza wa Sabo ingesomwa kila baraza la mji huu kabla ya kahawa kupoa. Arlene alivaa viatu vyake vya theluji akaenda mwenyewe yadi, mchana, akamkuta Duane akipanga mafurushi.

"Mama, hapa kuna utelezi."

"Nimezaliwa kwenye utelezi. Jina lako."

"Nilishamwambia Noreen."

"Hakukuzaa yeye. Mimi ndiye niliyewazaa nyote, mimi ndiye wa kuambiwa."

Duane aliweka furushi chini. Hakukasirika. Arlene anasema ingekuwa afadhali angekasirika. Alifikiri kidogo, akatabasamu kama wewe ulipokuwa ukichora timu kwenye sahani, kiasi kwamba Arlene alitamani kuondoka.

"Sawa," akasema. "Niweke mimi, mtoe Trent. Mmoja aingie, mmoja atoke. Nafasi ni moja. Baba angeelewa."

"Baba yako angeelewa," Arlene akamjibu. "Ndiyo maana sikumuuliza yeye."

"Trent alijua, Mama. Baba alimwambia kabla yangu. Alikaa nami kwenye paa wiki nzima akijua, akinipa vigae mkononi."

Hilo Arlene hakuwa akilijua, Emil. Sisi sote hatukulijua. Alirudi nyumbani akamuuliza Trent mbele ya Noreen, na Trent akainamisha kichwa akasema, "Baba mkwe aliniambia nisiseme, atasema mwenyewe. Nilingoja aseme." Ana miaka ishirini na tisa. Alingoja kama tulivyongoja sote, katika nyumba ambayo mmoja alizoea kusema na wengine kuosha vyombo. Noreen hakuongea naye siku mbili. Tunakuandikia hayo ili ujue ulichotuachia. Si paa tu.

Tukakaa mezani, ofisini kwako. Andy alikuwa na kalamu.

"Chagua, shemeji," akasema. "Ukimweka Trent, Duane atasema tumemtema mara ya pili. Ukimtoa Trent, Noreen atakwenda naye, na ataondoka na wajukuu."

"Andika wote," Arlene akasema.

"Duane amekataa."

"Nimesikia. Andika wote. Hii ni familia, hapa hatemwi mtu."

"Atakasirika akisoma."

"Na akasirike. Aje anigombeze. Miaka miwili sasa namngoja aje, hata kwa kugomba. Andika misa ni Jumapili, na baada ya misa kuna kuku nyumbani, na mlango wa jikoni hauna kufuli. Andika hivyo hivyo, asome."

Andy ameandika hivyo hivyo.

Habari za timu ni kwamba wiki hii wametoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza kumpata mrushaji aliyekwisha kuuzwa mara mbili. Hakuna mstari wa mbele. Ungepiga simu. Mji mzima ulisema, "Emil angepiga simu." Dutch mwenyewe alikutaja hewani, akasema maneno mazuri, na Arlene akazima redio kabla hajamaliza.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii asubuhi. Baada ya misa kuna kuku nyumbani, na mlango wa jikoni hauna kufuli.

Wanaokukumbuka: mkeo Arlene, mwanao wa kwanza Duane na mkewe Corinne, binti yako Noreen na mumewe Trent, wajukuu zako Tessa, Emil mdogo na Wade, dada yako Margit wa Toledo, na mdogo wako Andy.

Kukusahau hatutaweza kamwe, Emil. Baadhi yetu tumejaribu.